Jina la Nne

Wapendwa, wekeni simu chini kidogo, hazitakimbia. Nina mtu mmoja nataka mumwone.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja ambaye baraza yake ilikuwa kijiwe cha mtaa. Kila asubuhi, kabla hajaanza kushona, alinunua gazeti akawasomea watu kwa sauti. Na alijua kusoma, jamani! Ikiwa habari ni ya msiba, aliisoma polepole mpaka watu wakashika tama. Hapo barazani alipita kila siku mama mmoja muuza vitumbua, Mama Tumsifu. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo habari zote za dunia alizipata kwa mdomo wa fundi.

Siku moja fundi akasoma kwamba machimbo ya kokoto ng'ambo ya mto yameporomoka na vibarua saba wamefukiwa. Mwandishi alikuwa amewauliza walionusurika majina ya wenzao, akayaandika yote. Fundi akayasoma moja moja. Watu wakasema, "Masikini!" Mzee mmoja akajifuta macho. Kisha fundi akafungua ukurasa wa michezo. Mama Tumsifu akafunika ndoo yake ya vitumbua akaondoka, nao wakadhani anawahi wateja wengine.

Kumbe mmoja wa wale saba alikuwa mume wake. Mbona basi hakuna aliyeshtuka pale barazani? Ni kwa sababu ya hii tabia yetu. Miaka tisa mtaa mzima ulimwita yule bwana Baba Tumsifu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake nani alilijua? Mnicheke mkitaka, lakini hebu nitajie jina la jirani yako wa ukuta kwa ukuta.

Mama yule alienda machimboni, akakaa hapo akingoja. Wakatolewa watu sita. Mume wake hakuwemo. Vibarua walionusurika walikuwa watu wa kuja na kuondoka, wameshatawanyika makwao. Matanga hayakuwekwa, maana utawekaje matanga bila mwili? Siku ya kumi na mbili mtendaji wa kata akamwambia, "Mama, orodha ya mwenye machimbo ina watu sita, na sita wamepatikana. Kesho asubuhi shimo linafukiwa."

"Gazeti lilitaja saba," mama akasema.

"Basi niletee hilo gazeti. Au niletee mtu aliyelisoma, aseme mbele yangu. Nitaandika barua wasimamishe."

Mama akaja mbio mpaka barazani. Fundi akamwona akafurahi. "Mama Tumsifu, umeadimika! Wiki mbili tunakunywa chai kavu kwa ajili yako!" Mama akamweleza. Fundi akashika kichwa, maskini, akampa pole kwa moyo wake wote. Akapekua chini ya cherehani akitafuta gazeti. Unajua mafundi, magazeti ya zamani huyakata kuwa vipimo vya nguo. Ukurasa ule alikuwa ameukatia mkono wa gauni, na mabaki yamekwenda na taka.

"Lakini gazeti la nini, mama?" akasema. "Mimi nipo. Nililisoma kwa mdomo huu huu, na habari ile iliniuma sana. Nakumbuka kila kitu. Twende."

Wakaenda. Mtendaji akachukua kalamu. "Fundi, ulisoma majina mangapi?"

"Yalikuwa mengi."

"Mengi mangapi?"

Fundi akatazama juu. "Sita," akasema. "Au saba. Hayakupungua sita."

"Haya. Na la mume wa huyu mama lilikuwemo?"

Hapo ndipo fundi alipomgeukia yule mama, akamuuliza kwa upole, "Samahani, Mama Tumsifu. Hivi Baba Tumsifu jina lake hasa ni nani?"

Mtendaji akaweka kalamu chini.

"Obedi Mlelwa," mama akasema. "Ulilisoma la nne. Ulikosea kulitamka, ukalirudia. Nilisikia mara mbili."

Fundi akaanza kulia. Machozi yake yangefaa nini saa ile? Ungemuuliza siku hiyo timu yake ilifungwa ngapi, angekutajia mpaka dakika ya bao. Kesho yake shimo likafukiwa, mama amesimama pembeni, na Obedi Mlelwa yumo ndani.

Ndugu zangu, msimchukie fundi. Hakudanganya mtu. Alienda alipoombwa, na alipolia alilia kweli. Fundi ni sisi. Asubuhi tunasoma habari ya watu waliosombwa na mafuriko, tunasema masikini, tunawatumia wenzetu kwenye kundi la simu na vile vikatuni vya kulia. Ikifika saa nne tumeshasahau ilikuwa wilaya gani. Na mtu akituuliza tunajibu kwa kifua kipana, aa, hiyo habari naijua, niliisoma. Uliisoma, sawa. Walikuwa wangapi? Nani alibaki? Wanangoja nini mpaka leo? Inaniuma kusema haya, kwa sababu tunadhani tukishahuzunika tumemaliza kazi yetu.

Jumapili iliyopita nilisimama hapa hapa, tukawaombea ndugu watatu wa familia moja waliokuwa kwenye habari wiki ile. Niliwataja kwa majina. Mkasema Amina, tena kwa nguvu, na kuna mtu pale nyuma alilia kwa sauti. Nani anitajie hata mmoja?

Mbona mnaangalia chini?

Msione haya peke yenu. Jana nilikaa mezani kuandika mahubiri haya, nikataka tuwaombee tena leo. Sikumkumbuka hata mmoja. Ikabidi nimpigie simu katibu wa kanisa.

Naye hakumbuki.