Jiwe la Namkunda Kibuyuni

Hapo zamani, katika ile miaka ambayo mvua ilikuwa ikipotea njia, palikuwa na kijiji milimani kiitwacho Ikombe, na watu wake walikunywa kutoka kooni mwa mlima.

Chini ya mwamba palikuwa na tundu la kupita mtu mmoja kwa tumbo. Maji yalitoka humo yakajaza bwawa, na kutoka bwawani yakagawanywa kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Tundu lile waliliita Koo. Likikaa sana lilijisonga kwa mizizi na tope, bwawa likakauka, na ikabidi mtu aingie kulizibua. Aliingia amefungwa kamba kiunoni, na ndugu yake ameshika kamba nje. Sheria zilikuwa mbili, na watoto walizijua kabla hawajajua kufunga mbuzi. Mshika kamba haondoki mdomoni mwa Koo. Na aliye ndani hasemi neno, hata akiitwa kwa jina, kwa sababu Koo huokota sauti, na sauti iliyookotwa hairudi kwa mwenyewe.

Kila mwenye zamu alikuwa na jiwe lake ndani ya kibuyu cha mzee wa maji. Koo likiziba, kibuyu kinatikiswa, jiwe linadondoka, mwenye jiwe anaingia. Mawe yote yalikuwa ya wanaume. Zamu zote zilikuwa za wanaume. Kulima, kupalilia, kuvuna na kubeba, hayo hayakuwa na kibuyu.

Jiwe la Kiangi lilidondoka wakati mkewe Namkunda ana mimba ya tatu. Kiangi akaingia. Kaka yake Mrindoko akashika kamba. Kamba ikatikisika, Mrindoko akavuta, maji yakaja kwa kishindo, na kamba ikaja juu ya maji. Fundo halikuwa limefunguka. Kitanzi kilikuwa bado na duara la kiuno cha Kiangi. Kiangi hakuwamo.

Namkunda aliomboleza siku zinazoruhusiwa, kisha akarudi shambani, maana mahindi hayakai matanga. Zamu ya marehemu ikaenda kwa kaka yake, kama ilivyokuwa desturi. Mrindoko hakuwa mtu mbaya. Alimwahidi shemeji yake maji yaliyobaki. Shida ya maji yaliyobaki ni kwamba mara nyingi hayabaki.

Msimu mmoja ukapita hivyo. Mahindi ya Namkunda yakawa njano tangu magotini. Akapiga hesabu ya debe na midomo, watoto watatu na yeye, akaona haifiki. Basi asubuhi moja akambeba kichanga wake Naetwe mgongoni, akaenda kwenye ukingo wa bwawa, wanaume walikokuwa wakigawana maji.

"Nimekuja kuomba zamu ya mume wangu," akasema.

Mzee wa maji alikuwa Sekimweri, mtu wa maneno machache. Akamjibu, "Zamu ya mumeo iko kwa shemeji yako. Haijapotea. Iko nyumbani."

"Iko nyumbani kwa mkewe Nakiete, baba. Nyumbani kwangu kuna majani ya njano."

Wanaume wakacheka kidogo. Mmoja wao, Kajiru, ambaye hakuwahi kukosa neno, akasema, "Ndiyo mambo ya siku hizi. Wanataka usawa."

Sekimweri akamnyamazisha kwa mkono. "Namkunda, tuambiane kikubwa. Unataka usawa, au unataka maji? Maana hayo ni mambo mawili. Maji ni matamu. Usawa una jiwe."

"Nataka maji. Kama yanakuja na jiwe, nipeni na jiwe."

Nakiete, mke wa Mrindoko, alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake, mtoto wake akining'inia kwenye titi. Akasogea mbele. "Usikubali, mama Mbonea. Ukikubali jiwe umetufunga sote. Siku ulipomzaa huyo uliyembeba, tulikushika mabega usiku na mchana mpaka tukadhani tunakuzika. Nani alitikisa kibuyu? Hilo nalo si koo? Sisi tuna koo letu, na hakuna mwanaume aliyewekewa jiwe la kuzaa."

"Basi tubadilishane," Kajiru akasema. "Sisi tuzae, ninyi mwingie."

"Wewe Kajiru jino likikuuma kijiji kizima hakilali," Nakiete akamjibu. Hata Sekimweri akageuka pembeni asionekane akicheka.

Lakini Namkunda hakucheka. "Dada Nakiete, maneno yako ni kweli. Ila mahindi hayanywi maneno."

Akainama, akatoa kwenye upindo wa nguo kipande cha jiwe lake la kusagia, akakiweka mkononi mwa Sekimweri. Wazee wakanong'onezana. Mwisho wakakubaliana hivi: jiwe liingie kibuyuni sasa, zamu ibaki kwa Mrindoko mpaka jiwe litakapoitwa. Siku likiitwa, Namkunda akiingia Kooni, zamu ni yake. Asipoingia, zamu ni ya Mrindoko na wanawe, na mwanamke mwingine asije ukingoni kuuliza tena.

Mrindoko aliwahi kuingia Kooni mwenyewe, na tangu hapo hakuweza kukaa peke yake mahali maji yanapotiririka. Hata kata ya kunywea aliifunika kwa kitambaa, akanywa akiwa amefumba macho.

Kiangazi kilipokaza, Koo likaziba. Kibuyu kikatikiswa mchana, jua likiwa utosini na vivuli vimejificha chini ya miguu. Kikadondosha kipande cha jiwe la kusagia.

Watu wakatazamana. Mrindoko akamwendea Namkunda. "Shemeji, rudi nyumbani. Nitaingia mimi. Nyumba yetu imeshatoa mtu."

"Ukiingia wewe, zamu inakuwa ya nani?"

"Yangu. Ndivyo walivyosema." Aliyatamka bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia.

Namkunda akafungua mbeleko. Akamkabidhi Nakiete kichanga na kumwambia kuwa maharage yako jikoni hayajatiwa chumvi, na kwamba mwanawe mkubwa Mbonea anakohoa, asinywe maji baridi. Nakiete akampokea Naetwe, akamhamisha mwanawe upande wa pili.

"Bado nasema umekosea," Nakiete akasema. "Ila nisikilize. Huyu nitamweka titini mpaka utoke. Hatalia. Ukisikia mtoto analia humo ndani, ujue si wako."

Mrindoko akamfunga kamba. Namkunda akauma ncha ya kanga yake ili mdomo usifunguke, akashika kijembe, akaingia kwa tumbo.

Ndani palikuwa na joto kama la kinywani. Mwanga ulimfuata kidogo, kisha ukachoka. Alikwenda kwa viwiko. Mwamba ulikuwa laini pale ambapo matumbo ya watu wa kale yalikuwa yamepita, na yeye akapita palepale. Akafika kwenye mizizi. Ilikuwa myembamba, imesukana kama nywele za mtu aliyelala vibaya. Akaanza kukwangua.

Kwaru. Kwaru.

Akapumzika. Upande wa pili wa mizizi, kitu kikakwangua. Kwaru.

Akakwangua. Kikakwangua. Akaacha. Kikaacha.

Kisha sauti ikaja, polepole, sauti ya mtu anayeongea huku akivua viatu. "Mama Mbonea, umefunga mbuzi?"

Ilikuwa sauti ya Kiangi. Ndivyo alivyouliza kila jioni. Namkunda akauma kanga. Mbuzi alishauzwa, lakini hakusema.

"Mama Mbonea, mbona hunijibu? Nimekukosea nini?"

Akakwangua. Tope likamjaa kucha. Ndipo mtoto akaanza kulia. Alikuwa Naetwe, kilio chake chenyewe, kile cha njaa kinachoanza chini na kukatika katikati. Maziwa yakamtoka Namkunda yenyewe, yakalowesha mwamba chini yake. Mwili wake wote uligeuka kurudi. Lakini Nakiete alikuwa amesema, Hatalia. Namkunda hakumpenda sana Nakiete, ila hakuwahi kumsikia akisema uongo. Akaendelea mbele.

Mizizi ikakatika. Katika uwazi ule pakawa na mkono. Ukamshika wa kwake, kwa upole, ukiwa na joto. Saa hiyohiyo akahisi kamba ikimteleza kiunoni, inashuka kwenye mapaja, inatoka miguuni, kama pete inavyotoka kwenye kidole kilichokonda.

Nje, Mrindoko alivuta kamba ikaja nyepesi. Wepesi ule aliujua. Watu waliokuwa pale wanasema hakufikiri. Aliifunga ncha ya kamba kwenye jabali, akashika kitanzi, akaingia. Aliacha mdomo wa Koo, na huko ndani, gizani, akapaza sauti. "Namkunda, shika."

Namkunda alilisikia jina lake likija kutoka nyuma. Koo lilikuwa limeshamwita kwa sauti ya mumewe na kwa sauti ya mwanawe, kwa nini lisimwite kwa ya shemeji? Kisha kifundo chake cha mguu kikashikwa. Akawa na mkono mbele na mkono nyuma. Mkono wa mbele ulikuwa na joto na umetulia. Mkono wa nyuma ulikuwa baridi, unatetemeka. Namkunda akawaza kwamba aliyekufa hana tena cha kuogopa. Akaufuata mkono uliotetemeka.

Maji yakaja. Yaliwatapika wote wawili hadi kwenye jua, wamesokotana na kamba, na bwawa likaanza kujaa. Naetwe alikuwa bado kwenye titi la Nakiete, hajalia hata kidogo.

Mrindoko akamwinamia shemeji yake, akafungua mdomo kumuuliza kama yu mzima. Hapakutoka kitu. Akajaribu tena. Nyuma yake, kutoka ndani ya mwamba, sauti yake ikasema wazi, "Namkunda, shika." Ikanyamaza, ikarudia. Nakiete alikuwa akimtazama mumewe usoni, mdomo wa Mrindoko ukiwa wazi na mtupu, na alikuwa akimsikia mumewe akisema ndani ya mwamba.

Aliyeanza kusema ni Sekimweri. "Jiwe limeitwa, jiwe limejibu. Namkunda ameingia kama mwanaume. Zamu ni yake."

"Subiri, mzee," Kajiru akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kiangi alipotoka kwenye kamba, nani alimfuata? Hakuna. Mshika kamba haondoki mdomoni, tukasimama hapa tukamwacha. Baba yangu naye tulimwacha. Kama ni usawa, na huyu angeachwa. Ameingia kama mwanaume, sawa, lakini ametolewa kama mwanamke. Zamu ni ya aliyemtoa, na aliyemtoa hatamwita tena mtu maishani mwake."

Namkunda alikuwa amekaa kwenye tope, nywele zimejaa mizizi. Akamgeukia Mrindoko. "Shemeji, sema mwenyewe. Uliingia kwa sababu mimi ni mwanamke, au kwa sababu ya Kiangi?"

Mrindoko akajibu. Midomo yake ilicheza kwa muda mrefu, na kila mtu aliona kwamba anajibu kweli, jibu lenye maneno mengi. Hakuna aliyelisikia. Wakamtazama mkewe.

"Sijui kusoma midomo," Nakiete akasema. "Na nisingependa kuwadanganya. Mume wangu anastahili kitu, maana watoto wake watakua bila kuitwa naye. Lakini mmeniuliza, basi na mimi niseme langu. Namkunda asingetoka kama kichanga chake kingelia, na hakikulia kwa sababu nilikuwa hapa. Tangu niolewe sijawahi kukaa bila mtoto tumboni au titini. Niingie Kooni lini? Mnasema zamu ni ya anayeingia. Kipimo hicho kilikatwa kwa kiuno cha mwanaume, na Namkunda amejibana akaenea. Akipewa yeye kwa sababu hiyo, sisi wengine tumeambiwa tujibane au tunyamaze. Ipeni zamu mikono iliyolea na kulima, hata kama haikuingia."

"Na siku Koo likiziba," Kajiru akauliza, "hiyo mikono itakuwa wapi?"

Namkunda naye akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kulala, "Mimi niliweka jiwe. Sikuomba kufuatwa, na sikuomba kuonewa huruma. Nilitimiza mlichosema. Mkibadilisha sasa, basi hamkuwa na nia tangu mwanzo. Watoto wangu wanakula nini?"

Akamnyooshea Nakiete mikono, akampokea mwanawe, akamweka titini. Mtoto alikuwa ameshiba, akageuza uso.

Maji yakafika ukingoni. Maji yasiyopewa mwenyewe hupasua bwawa, na kila mtu pale alilijua hilo, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuahirisha mpaka kesho. Sekimweri akashika kizibo cha bwawa, akasikiliza mfereji upi utajwe.

Zamu ilikuwa moja. Namkunda aliingia. Mrindoko alivunja sheria akamtoa, na hatutajua kamwe kwa nini. Nakiete alitimiza neno lake nje ya Koo, na akakataa kwamba Koo ndilo liwe mizani. Ninyi mliosikia, semeni kwanza usawa wenu mnaupima kwa kitu gani. Kisha mwambieni mzee afungue upande upi: je, kati yao, nani alistahili maji?