Rambirambi za Nguchiro na Kibuyu cha Kifaru

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Kifaru akipiga chafya mbuga nzima inaitikia "Afya, Mheshimiwa!", wanyama wa Bonde la Mkwajuni walikuwa wakinywa maji kwenye chemchemi moja. Moja tu, wanangu, tena kiangazi kile cha kukausha mate mdomoni.

Mlinzi wa chemchemi alikuwa Kifaru mwenyewe. Na ulinzi wake ulikuwaje? Kila asubuhi yeye huingia wa kwanza, chubwi! Anaoga, anagaagaa, anajikuna mgongo, na wimbo juu. Akitoka, maji yamekuwa uji. Hapo ndipo wadogo wanaruhusiwa kunywa.

Bi Nguchiro alikuwa na watoto, na kitinda mimba wake alikuwa anaharisha kwa sababu ya matope yale. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Jikoni nako, kibuyu cha mtama kilikuwa kimeanza kupiga kelele kila akikiinua, chaka-chaka, na watoto wakiisikia kelele ile wanajua kesho kuna njaa. Lakini njaa aliizoea. Maji ndiyo yaliyomtoa machozi.

"Mlinzi huyu akibaki msimu mmoja tena," alisema moyoni, "mimi nitazika."

Bahati nzuri siku ya kuchagua mlinzi ilikuwa kesho yake. Kanga, yule ndege mwenye madoadoa, alikuwa amejitokeza kupambana na Kifaru, na ahadi yake ilikuwa fupi: "Tunywe kwanza, tuoge baadaye." Kila mnyama angekwenda nyuma ya kichuguu na kutumbukiza mbegu moja ya ukwaju katika kibuyu cha amtakaye. Wa kuhesabu alikuwa Nungunungu. Walimpa kazi hiyo kwa sababu hakuna awezaye kumsukuma akiwa anahesabu. Jaribu uone!

"Nipambane na nani?" Kifaru alicheka. "Wadogo hawaji kupiga kura. Miaka yote hawaji!"

Na kweli. Nguchiro alipopita kuwahimiza, kila mmoja alikuwa na lake. Panya alikuwa na wageni. Mjusi alikuwa anaota jua, na jua la kesho pia alishalipangia.

"Mbegu yangu moja itamfanya nini Kifaru?" Digidigi alisema. "Na joto hili, shoga! Wende wengine."

Nguchiro hakubishana. Alfajiri ya siku yenyewe alijitanda kaniki, akabana mkeka kwapani, akaenda mlangoni kwa Digidigi, akaangusha kilio.

"Uuuwi! Uwiii! Digidigi mwenzangu, umetuacha!"

Digidigi akatoka mbio, usingizi bado machoni. "Bi Nguchiro! Unamlilia nani mlangoni kwangu?"

"Nakulilia wewe, shoga."

"Mimi? Si mzima mimi!"

"Usinitishe, marehemu. Nimesikia asiyeonekana kichuguuni leo ndiyo kafa, na fungu lake la maji anarithi Kifaru aogee. Nikasema nije mapema nipate pa kuketi matangani. Pilau mnapakua saa ngapi?"

"Ebo! Nimekufa mimi? Leo watanitambua!"

Je, Kifaru alikuwa amesema maneno yale? Hakusema. Lakini hayo maji ya wasiokuja, niambieni, alikuwa akiyaogea nani?

Nguchiro akaenda kwa Panya, kilio. Kwa Mjusi, kilio. Jua halijapanda vizuri, foleni ilikuwa imezunguka kichuguu, na kila mdogo akipita mbele ya Kifaru anapaza sauti, "Mimi ni mzima, Mzee!"

"Kwani nani kasema wamekufa?" Kifaru aliuliza, akajikuna kichwa kwa mshangao.

Wa mwisho alipomaliza, Nungunungu akaziba vibuyu viwili kwa magunzi. Kifaru hapo alikuwa ameanza kuhema.

"Matokeo sasa hivi! Mkinichelewesha navikanyaga vyote, pwaa! Tuone mtahesabu nini."

Nguchiro akautazama mguu wa Kifaru. Mwanawe amelala hoi, na vibuyu viko hatua mbili tu kutoka kwenye unyayo ule! Akachangamsha uso.

"Mzee Kifaru, vibuyu vinatakiwa pale mwambani, vihesabiwe mbele ya wote. Vibebwe na nani kwa heshima, kama si mwenye pembe mbili?"

Sifa, wanangu, ni kitu kitamu. Kifaru akainamisha kichwa. Kibuyu chake kikatundikwa pembe ya mbele, cha Kanga pembe ya nyuma, akaondoka kwa madaha huku Nungunungu akimfuata, miiba imesimama.

Chaka-chaka! Chaka-chaka!

Kifaru akasimama. Akatikisa kichwa makusudi. Chaka-chaka-chaka! Kibuyu cha mbele kilikuwa kikiimba. Cha nyuma, kimya.

"Umesikia, Nguchiro?"

"Nimesikia, Mzee. Bonde zima limesikia."

"Na hicho cha Kanga?"

"Hicho hakisemi kitu."

"Hakisemi kwa kuwa hakina kitu! Ha! Ha! Nimeshinda!"

Nguchiro alizitazama kucha zake. "Basi ogopa jambo moja tu, Mzee. Asije mtu akaona anashindwa, akavuruga hesabu."

"Athubutu nani? Atakayevuruga hesabu kabla Nungunungu hajamaliza, ahame bonde hili! Naapa kwa pembe zangu zote mbili!"

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya mbuga nzima!"

Basi Nungunungu akaketi mwambani akaanza. Moja. Mbili. Kila mbegu aliigeuza juu na chini. Inzi akipita karibu, anaanza upya. Kifaru akawa anacheza ngoma, vumbi timtim. Wadogo wakanywea.

"Tumekwisha," Digidigi alilia. "Twende zetu. Au tukavivunje tu!"

"Keti, shoga. Ulikuja mzima, rudi mzima."

"Hukusikia kelele ile?"

"Nimesikia. Kwako jikoni, kibuyu cha mtama hupiga kelele lini?"

Digidigi akafikiri. "Kikikaribia kwi..." Mdomo ukabaki wazi.

"Nyamaza!" Nguchiro akamfinya.

Lakini msidhani yeye mwenyewe alikuwa ametulia. Alishindwa kuvumilia, akanyata, akarefusha shingo achungulie. Fwaa! Miiba ikamsimamia puani.

"Kiapo hakikutaja wakubwa peke yao, Bi Nguchiro," alisema Nungunungu. Nguchiro akarudi kinyumenyume, akaketi juu ya mkia wake, haya tele.

Mbegu za Kifaru zilitosha kiganja. Kisha Nungunungu akazibua kibuyu cha Kanga, akakipindua. Hakikutoka kitu. Zilikuwa zimeshindiliana! Akang'oa mwiba mmoja mgongoni, akachokoa shingo ya kibuyu. Mwaaa! Rundo likaporomoka mpaka likagusa miguu yake.

Ngoma ikakatika. "Haiwezekani! Changu ndicho kilicholia!"

"Kilikuwa na nafasi, Mzee," alijibu Nguchiro. "Mbegu zako zilipata uwanja wa kuchezea."

Kifaru akanyanyua mguu juu ya rundo lile. Wadogo wakafumba macho.

"Nimehesabu mara moja," Nungunungu akasema bila kuinua kichwa. "Nahesabu mara ya pili. Sijamaliza."

Mguu ukaning'inia hewani. Mbuga nzima ikautazama. Ukashuka, polepole, pembeni.

Asubuhi iliyofuata kitinda mimba wa Nguchiro alikunywa maji ambayo aliweza kuiona sura yake ndani yake, akayachekea. Mama yake akageuka upande asionekane akilia.

Kifaru alifika amechelewa sana, kwa aibu, akasimama mwisho wa foleni. Digidigi akamgeukia.

"Aa, Mzee Kifaru, kumbe upo! Nilishajitayarishia mkeka."

Basi, wanangu, asiyekwenda kupiga kura asilalamikie matope, na asiyengoja hesabu asicheze ngoma.