Baiskeli Moja ya Nyakimori

Tulieni, niwape watu watatu na baiskeli moja. Baiskeli yenyewe ina magurudumu matatu, huendeshwa kwa mikono, na imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye miguu yake imekataa. Sikilizeni vizuri, maana mwisho wa habari hii sitaamua mimi.

Wa kwanza ni Daktari Perusi Magesa, aliyezaliwa na hesabu kichwani. Akiwa mdogo pale Nyakimori aliwahesabu mbuzi wa baba yake kwa kusikia kwato zao zikipita nyuma ya ukuta, na alikosea mara moja tu, siku ambayo mbuzi mmoja alibebwa. Serikali ikamsomesha. Akasoma udaktari, kisha akasoma tena, udaktari wa afya ya jamii, ule usioshika kisu wala sindano. Kazi yake ilikuwa kalamu na ramani, na swali lake lilikuwa moja: kwa nini hawa wameugua, na wale hawakuugua?

Wa pili ni Bibi Nyabweke, mwenye ulimi. Ukimpa tonge la ugali wa muhogo, angekuambia muhogo ule ulivundikwa siku ngapi, ulikaa juani siku ngapi, na kama aliyeutwanga alikuwa na hasira na mumewe. Hilo la hasira alilisema kwa utani, lakini wanawake wa Nyakimori hawakuwa na hakika, na wengine waliacha kumpikia.

Wa tatu ni Mafuru, mhudumu wa zahanati, mwenye miguu. Aliweza kutembea kutwa bila kuketi, na hakukuwa na mlango uliomfungia. Akibisha, mwenye nyumba husema karibu kabla hajauliza ni nani.

Sasa, muhogo wa Nyakimori ni mchungu. Una sumu, na kila mtu anajua. Huumenya, ukaulundika na kuufunika majani mpaka uote ukungu, ukaukwangua, ukauanika, ndipo ukautwanga. Siku tatu za kuvundika, siku nne za jua. Siku saba hizo hazikuandikwa popote. Mama yako alifanya hivyo, nawe ukafanya.

Kisha mvua zikakosa mara mbili mfululizo. Mtama ukafa ukiwa na urefu wa kiganja. Maharage hayakuota. Shambani ukabaki muhogo mchungu peke yake, umesimama kama mtu asiyeambiwa kwamba wenzake wamekwenda. Na mtoto mwenye njaa hajui kuhesabu mpaka saba. Siku saba zikawa nne. Nne zikawa mbili. Kuna nyumba ambako muhogo uling'olewa asubuhi, ukaliwa kesho yake.

Asubuhi moja mtoto mmoja aliamka akashindwa kusimama. Hana homa, hana maumivu, miguu tu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Wiki iliyofuata wakawa watatu. Mwezi ulipoisha walikuwa tisa. Ugonjwa huu hauui. Unakuacha hai, unakuacha chini, na hakuna dawa ya kukuinua.

Perusi alikuwa mjini. Alikuwa na ofisi yenye feni, na ripoti zake kumi na mbili zilikuwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ulipotea miaka miwili kabla. Aliposikia habari za kwao akafunga ofisi, akapanda pikipiki, akaja.

Akafanya alichozaliwa nacho. Akachora kila nyumba, mia moja na arobaini. Akahesabu nani kaanguka, lini, anakula nini, anateka wapi maji. Watu walisema ni uchawi, wengine wakasema ni polio. Perusi akaonyesha kwa namba kwamba sivyo: polio haiwachagui wasio na samaki wala maziwa, na mchawi hafuati majira ya njaa. Jibu, alisema, limo ndani ya chungu. Lakini nyumba zote zilikula muhogo uleule, na wengine walikuwa wanatembea. Hesabu yake ikafika hapo, ikakwama.

Ndipo akamwendea Bibi Nyabweke, akamwomba aonje.

Na ili aonje ilibidi mlango ufunguliwe. Njaa ilikuwa imefanya watu waone haya. Hakuna mama aliyetaka mgeni ajue unga wake umebaki kiasi gani. Daktari alibisha nyumba sita akajibiwa kwamba mwenye nyumba hayupo, na aliyejibu ni mwenye nyumba. Mafuru akaja, akabisha, ikasemwa karibu. Kwa miezi miwili wakatembea hivyo: Mafuru akifungua milango na kufunga unga kidogo kwenye kitambaa, Bibi akionja, Perusi akiandika.

"Onja, kisha uteme," Perusi alimwagiza siku ya kwanza.

Bibi aliitikia. Lakini kwetu mgeni akiwekewa ugali, anakula. Mwenye nyumba amejinyima kukupa, nawe uteme mbele ya watoto wake? Bibi Nyabweke alikula kila nyumba, tonge baada ya tonge, kisha akatoka nje na kumwambia daktari kwamba ametema. Mafuru alijua. Alipomsema, Bibi alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Wewe mume wangu huna akili," alimwambia, maana Mafuru alikuwa mjukuu wake kwa ukoo. "Nikitema leo, kesho nani atakufungulia?"

Ulimi wake ukasema siku za kila nyumba. Hapa saba. Hapa sita. Hapa mbili. Hapa hata moja haikufika. Perusi alipoziweka juu ya ramani, kila nyumba yenye mtoto aliyeanguka ilikuwa ya siku mbili au moja. Hakuna hata moja iliyokosa. Alijua siku ileile.

Lakini kwenye taaluma yake ulimi wa bibi si ushahidi. Vitambaa vya unga vikapelekwa maabara ya mjini, naye akasubiri. Mafuru alimuuliza mara kwa mara kama wasiwaambie watu, hata kwa kunong'ona.

"Bado," alisema Perusi. "Watu hawa wameshaambiwa uchawi, wameshaambiwa polio. Sisi tukiwaambia na tukakosea, hawatatusikiliza tena. Usimwambie mtu, Mafuru. Mtu yeyote."

Mafuru akaitunza siri hiyo, hata nyumbani kwake.

Siku arobaini na moja zikapita. Katika siku hizo watoto kumi na mmoja walianguka, na Perusi aliwaandika mmoja mmoja kwa mwandiko wake mzuri. Bibi Nyabweke aliandikwa katikati yao. Aliamka, akataka kwenda uani, miguu ikamwambia hapana. Hapo ndipo daktari alipojua kwamba hakuwa ametema.

Perusi hakusubiri tena. Akaenda mjini mwenyewe, akasimama mlangoni mwa maabara mpaka akapewa karatasi: sumu ilikuwamo, na ilikuwa nyingi palepale ulimi ulipotaja. Akaiweka kifuani, akageuza pikipiki. Kwenye korongo la pili kabla ya Nyakimori tairi likateleza kwenye changarawe. Akalala chini ya pikipiki kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Hospitali ya wilaya walijaribu wiki nzima, kisha wakaukata mguu wa kulia chini ya goti.

Kabla ya kukatwa alimwita Mafuru kitandani. Hakuwa na nguvu ya maneno mengi.

"Siku saba. Anza leo."

Mafuru akaanza siku ileile. Nyumba mia moja na arobaini, na kila nyumba hakuondoka mpaka mama arudie kwa kinywa chake: tatu za kuvundika, nne za jua. Walimwamini, kwa sababu namba zilikuwa za watoto wao, unga ulikuwa wa vyungu vyao, na mjumbe walimjua. Lakini desturi ya wajumbe wa kwetu ni kuanza nyumba ya mbali kabisa na kumalizia yako mwenyewe, usije ukasemwa umejipendelea; na hulali kwako mpaka umalize. Na habari ya mjumbe haitangulizwi na jirani. Siku ya kumi na tisa alifika mlango wa mia moja na arobaini. Mkewe alikuwa ameketi kizingitini na Dorika mapajani, mtoto wao wa miaka sita. Ilikuwa siku ya tatu hajasimama.

"Umeleta habari gani?" mkewe aliuliza.

Mafuru akamwambia, tatu za kuvundika, nne za jua. Akamngoja arudie. Mkewe akarudia.

Baada ya hapo hakuna mtoto mwingine aliyeanguka Nyakimori. Ugonjwa ukakoma. Waliokwisha kuanguka wakabaki chini.

Miaka mitatu ikapita. Perusi aliandika yote, na makala yake ikachapishwa nchi za mbali, ikasomwa na watu ambao hawajawahi kumenya muhogo. Kisha chama kimoja cha hisani kilichoisoma kikatuma zawadi. Gari likashusha baiskeli ya magurudumu matatu ikiwa imefungwa nailoni, pamoja na barua. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma mkutanoni: apewe yule ambaye bila yeye ugonjwa usingekoma.

"Basi mpeni muhogo," alisema Bibi Nyabweke kutoka kwenye mkeka wake. "Bila huo tungekufa njaa kabla ya kuugua."

Watu wakacheka. Kicheko hakikukaa, kwa sababu wiki ileile kulikuwa kumekuja habari kutoka Mwibale, nyuma ya vilima. Mvua ilikuwa imekosa tena. Watoto sita walikuwa wameanguka. Nyakimori walikuwa wametuma ujumbe wa siku saba, na Mwibale wakajibu kwamba hayo ni maradhi ya laana ya Nyakimori, kwamba muhogo wao ni muhogo wao, na kwamba njaa haina siku saba. Wangeamini wakionyeshwa watoto wao kwa hesabu, unga wao kwa ulimi, milangoni mwao, kama sisi tulivyoonyeshwa.

Kila mtu alidhani daktari angekaa kimya kama wenye elimu wanavyokaa. Perusi akanyanyuka juu ya magongo yake.

"Nipeni mimi," alisema. "Sioni haya kuomba. Magongo haya hayanifikishi hata korongoni, na pikipiki siwezi tena. Kwa baiskeli hii nitafika Mwibale kwa siku mbili na ramani yangu. Kumi na mmoja wa hapa niliwangoja mpaka wakaanguka. Mwibale sitangoja."

"Utafika na ramani," Bibi akamwambia kwa upole. "Na siku za unga utazijua kwa ulimi wa nani, mwanangu? Maabara? Siku arobaini nyingine?"

Bibi akaendelea, akasema tangu aanguke dunia yake ni hatua kumi za kutambaa, uani na ndani. Ulimi wake bado unaonja, lakini unaonja chungu kimoja tu. Akipewa baiskeli angekwenda, na safari hii angetema. Aliposema hivyo wanawake waliangalia chini, maana hakuna aliyemwamini.

Mafuru alikuwa wa mwisho, kama kawaida yake. Dorika alikuwa mgongoni mwake, miaka tisa sasa, miguu yake mirefu ikining'inia.

"Mimi miguu ninayo," alisema. "Mgongo ndio sina. Asubuhi nampeleka shule, mchana namfuata. Mama yake hawezi kumnyanyua tena. Nikienda Mwibale siku kumi na tisa, ni siku kumi na tisa yuko sakafuni. Nilishamwacha mara moja kwa ajili ya milango ya watu." Akamsogeza mtoto juu mgongoni. "Mpeni yeye baiskeli, nami miguu yangu ni yenu. Na pale Mwibale bila mimi, daktari, watakwambia mwenye nyumba hayupo."

Dorika alichungulia begani mwa baba yake akauliza kama ile baiskeli ina kengele. Mwenyekiti akapasua nailoni kidogo kwa kucha, akatazama, akamwambia inayo.

Kuna aliyesema wapeane zamu. Lakini Mwibale ni mbali, na atakayekwenda ataondoka nayo mpaka njaa iishe. Kuna aliyesema wapande wote. Kiti ni kimoja. Mtu mmoja nyuma akasema daktari aliwanyamazisha wenzake siku arobaini na moja, kwa hiyo asipewe. Mwingine akasema Bibi alidanganya. Mwingine akasema Mafuru alimwacha mwanawe mpaka mwisho. Wote watatu waliyasikia, na hakuna aliyekana. Mwenyekiti akaahirisha mpaka Jumatatu.

Jumatatu ikafika, Mwibale walikuwa tisa. Mkutano ukaahirishwa. Jumatatu ya pili walikuwa kumi na wanne. Perusi anaziandika namba kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya zahanati, juu ya kitasa, na ndani ya stoo baiskeli imesimama na nailoni yake, imepasuka palepale penye kengele.

Mimi nimewapa hesabu yote niliyo nayo. Mwenye ramani bila mguu, mwenye ulimi bila miguu, mwenye miguu bila mgongo. Kesho ni Jumatatu ya tatu. Haya, ninyi mliokaa: ufunguo wa stoo ukiwekwa mkononi mwako, ile baiskeli utaisukuma mpaka mlango gani? Na ile milango miwili mingine, utapita mbele yake ukisema nini?