Mwalimu Aliyeambiwa Ni Hapo Tu

Hadithi hii nilitumiwa jioni moja nikiwa hoi, nami nakutumia wewe ambaye leo umechoka kuliko jana. Isome mpaka chini, ndipo umpelekee mwingine.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jina lake Senkondo, aliyeishi upande wa mashariki wa mlima. Umri wake miaka arobaini na tisa, goti la kushoto bovu, pumzi za kuazima. Mtu wa namna hiyo hana shughuli kwenye mbio za kilometa arobaini na mbili za kuzunguka mlima, naye alilijua hilo kuliko wote waliomcheka.

Lakini upepo ulikuwa umeezua darasa la nne, na watoto walisomea chini ya turubai. Tajiri mmoja mzaliwa wa huko aliahidi mabati kwa kila kijiji kitakachotoa wakimbiaji watatu, na wote watatu wafike kabla ya saa kumi jioni. Asipofika mmoja, kijiji hakipati hata msumari. Vijana walipatikana wawili tu. Wa tatu ikabidi awe mwalimu.

Walianza saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala njiani. Mpaka saa nne Senkondo alikuwa mkimbiaji. Kufika saa tano alikuwa mzigo, na aliyeubeba ni yeye mwenyewe. Vijana wake walikuwa wameshapotelea mbele zamani.

Upande wa magharibi hakuujua. Watu wa mlimani ndivyo walivyo, mtu huzaliwa upande mmoja na kuzikwa upande huohuo, na wa ng'ambo hukutana nao sokoni tu. Kwa hiyo akawa anauliza.

"Kaka, mwisho wa mbio bado mbali?" alimwuliza mpasua mbao.

"Aa, mzee wangu, ni hapo tu! Kaza buti!"

Akakaza. Zikapita kilometa tatu, na hiyo hapo tu haikuonekana. Akawakuta wanawake wawili wakichuma maharage.

"Jamani, bado sana?"

"Ni hapo tu, baba! Ukikata ile kona umefika." Mmoja wao akamwonyesha kona yenyewe kwa mdomo.

Kama ni kona moja, mwalimu aliwaza, ya nini kujitwisha mizigo? Akawaachia chupa yake ya maji na ndizi zake zote. Halafu akakimbia kwa nguvu zote alizokuwa amezibakiza tangu asubuhi.

Akaikata kona. Mbele yake kulikuwa na bonde, ng'ambo ya bonde mteremko mrefu wa kupanda, na juu yake mlima ukaendelea kama vile haujaanza. Mwalimu akakaa kwenye jiwe akalia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa uchovu, ule wa mtu aliyeahidiwa kupumzika halafu akanyang'anywa.

Akatokea mama mmoja aliyekuwa akimkatia ng'ombe wake majani, mundu mkononi. Akasimama, akamtazama muda mrefu bila kusema kitu.

"Pole," akasema mwishowe.

"Asante, mama. Niambie ni hapo tu. Nakuomba."

"Si hapo tu. Kuna mabonde mawili. Kilometa kumi na mbili, na bonde la pili ni kali kuliko hili. Ukikimbia sasa watakushusha kwa machela."

Mwalimu akamchukia palepale. Njia nzima watu wamempa moyo, huyu mmoja anakuja kumvunja.

"Mama, una roho ngumu."

"Labda. Unatakiwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Sasa hivi ni saa saba. Ukitembea unafika. Lakini kula kwanza."

Akampa makande yake ya mchana, ya baridi, na maji ya kibuyu. Mwalimu alikula kwa hasira, akashukuru kwa shida, akaondoka akitembea. Vijana wa vijiji vingine walimpita mbio, na kutoka mashambani watu waliwapigia kelele kwamba ni hapo tu. Kwenye bonde la pili aliwakuta watatu kati yao wamekaa kando ya njia, miguu imenyooshwa, hawana hata nguvu ya kufukuza nzi. Akawapita kwa mwendo wa mtu anayetoka msibani.

Alivuka mstari zikiwa zimebaki dakika sita. Vijana wake wakamdaka asianguke. Kijiji kikapata mabati. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na mimi ningefurahi zaidi.

Juma lililofuata, mwalimu alibeba mkungu wa ndizi akarudi upande wa magharibi kumshukuru yule mama. Aliulizia nyumba ya mwanamke mwenye ng'ombe mmoja, wakamwambia ni kwa Mama Nakiete, wala si mbali, ni hapo tu. Safari hii alicheka, akakaa akapumzika kwanza.

Alimkuta uani. Wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, kisha mwalimu akatoa lililomleta.

"Mama, watu wote walinidanganya kwa wema. Kwa nini wewe peke yako uliniambia ukweli?"

Mama Nakiete akauweka mkungu chini.

"Miaka sita iliyopita Nakiete wangu alishikwa na homa. Alikuwa na miaka tisa. Tulimbeba kwa machela kumpeleka hospitali ya upande wenu, wanaume wanane, wanne wanabeba na wanne wa kuwapokea. Tulipofika kwenu, wabebaji walimwuliza mtu mmoja aliyekuwa akilima kando ya njia, hospitali bado mbali? Akasema, ni hapo tu, mkishuka mmefika. Basi wale wanne wa kupokea tukawaambia rudini, mna kazi zenu. Kumbe hapo tu ilikuwa mwendo wa saa tatu. Wabebaji waliishiwa nguvu, wakakaa chini mara nne. Mwanangu alikata roho hospitali tunaiona."

 Mwalimu aliikumbuka asubuhi ile. Aliikumbuka mvua, na machela, na khanga ya kijani iliyofunika mtoto. Alijua vizuri sana kwamba ni mwendo wa saa tatu. Aliwaonea huruma, akawapa neno tamu, akaendelea na jembe lake. Tena siku ile alijiona amefanya wema.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuaga akaenda zake, na hakuna mtu duniani ambaye angemfuata.

"Mama Nakiete," akasema, "yule mtu mwenye jembe..."

"Ni wewe. Nilikutambua pale ulipokaa kwenye jiwe."

Mwalimu alishindwa kuinua macho.

"Basi kwa nini hukunijibu kama nilivyowajibu?"

"Nilitaka. Neno lilifika hapa," akagusa koo. "Nilijua ukinisikia nasema hapo tu, utainuka ukimbie, na hutafika. Halafu nikaiona miguu yako inatetemeka kama ya wale wabebaji. Nikaona nimelichoka neno lenyewe. Sikutaka litoke tena, hata kwangu mimi."

Mwalimu aliyezoea kusema mbele ya watoto sitini akapiga magoti kwenye udongo, goti bovu na lile zima.

"Utanisamehe, mama?"

Mama Nakiete akamtazama. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Bado mbali, mwalimu," akasema. "Lakini natembea."

Akaingia ndani kuandaa chakula.

Funzo: Usimfupishie mtu njia kwa mdomo. Mwambie urefu wake ulivyo, kisha msaidie kuitembea.