Nguchiro na Stendi ya Miguu Mitatu

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajengeana nyumba na kualikana chakula, Nyati na Nguchiro walikuwa wapiga picha wa bonde moja. Nyati alikuwa na lenzi ndefu, nzito kama mchi wa kutwangia. Ya Nguchiro ilikuwa ndogo kidogo, lakini nayo ilimwelemea.

Mwaka huo Mama Korongo alikuwa akiatamia yai moja kisiwani. Mayai yake ya miaka miwili ya nyuma yalikuwa yameharibika yote. Akaomba kifaranga kipigwe picha kikitoka, ila kutoka ng'ambo, asije akashtuka. Wazee wakasema atakayeleta picha nzuri ndiye atakayekuwa mpiga picha wa bonde zima.

Wote wawili wakaenda dukani kwa Kobe. Zilikuwa zimebaki stendi mbili za kamera, moja ya mguu mmoja, nyingine ya miguu mitatu. Kobe akawaeleza bila kuficha kwamba anayezunguka huku na huko achukue ya mguu mmoja, na anayekaa mahali pamoja kusubiri achukue ya mitatu. Kisha akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kuzifutia vumbi.

Nguchiro alijua ni ipi iliyotakiwa. Alijua pia kwamba Nyati anamwamini kama ndugu.

"Kaka," akanong'ona, "miguu mitatu ni ya sisi wenye mikono kama njiti. Wewe na mabega hayo, watu watakuonaje?"

Nyati akajitazama mabega, akaridhika, akabeba ya mguu mmoja.

Alfajiri wakajipanga ufukoni. Nguchiro akatandaza miguu yake mitatu, akafunga kamera, akakaa chini kutafuna panzi. Nyati akasimama ameishikilia yake isianguke. Jua likapanda. Kufika adhuhuri mikono ilikuwa ikimtetemeka tetete, jasho likimwingia machoni, na bado hakuthubutu kuishusha lenzi. Nguchiro aliona. Akageuza uso.

Ka! Yai likapasuka.

Jioni picha zikatundikwa uwanjani. Ya Nguchiro ilionyesha mpaka umajimaji kwenye manyoya ya kifaranga. Ya Nyati ilikuwa ukungu mtupu. Wengine wakacheka chinichini. Nyati akainamisha pembe mbele ya Mama Korongo.

"Nisamehe, mama. Nguchiro alinishauri vizuri, ni mikono yangu haina nguvu. Kazi hii naiacha."

Nguchiro alikuwa amekwisha kuvishwa shada la maua. Akahisi linamkaba. Masikio yalimwaka moto, akatamani ardhi imfiche, akabaki kutazama vidole vyake vya miguu.

"Mikono yake haina kosa," akasema. "Mimi nilimdanganya. Nilijua stendi inayofaa, nikamsifia nyingine."

Wazee wakamvua shada. Nyati hakufoka wala hakumgusa. Alimtazama tu, kisha akashika njia ya nyumbani peke yake, na hilo lilimuuma Nguchiro kuliko kipigo.

Kesho yake Nguchiro akaibeba stendi ya miguu mitatu mpaka mlangoni kwa Nyati, akaomba radhi. Nyati akaipokea, akamshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni, akafunga mlango.

Basi, wanangu, ukimdanganya anayekuamini, hata ukishinda utaona haya.