Tumbo la Punda Mwongo

Tumbo la punda mwongo, shibe uulize mgongo.

Mzee Gwandu aliyatamka hayo bila kuinua macho kwenye gunzi alilokuwa akipukuchua. Vijana waliokuwa wakimsaidia walikuwa wakimsifu mwenye duka jipya la njiapanda kwa kitambi chake, wakisema yule bwana mambo yamemnyookea. Walipouliza punda ameingiaje hapo, mzee alicheka. "Mnasifu msichokishika," alisema. "Methali hii ina nyumba ilikozaliwa, na mwenye nyumba namjua." Basi akawasimulia.

Paskalina alikuwa mjane wa milima ya Mbulu, mtu wa kuulizauliza. Marehemu mumewe alizoea kusema kuwa mkewe akikosa wa kumhoji atahoji jiwe. Alikuwa na punda jike mmoja, mzee, na binti mmoja, Restituta, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, ambako maji hupandishwa kutoka mtoni kwa mteremko wa kukata pumzi. Siku ya harusi Paskalina alimwahidi binti yake mwanapunda wa kwanza atakayezaliwa. Alizaliwa, akafa. Akazaliwa wa pili, naye akafa. Restituta aliendelea kupandisha maji kichwani, mtoto mgongoni, wala hakulalamika. Kutolalamika kwake ndiko kulikomuumiza mama.

Punda akazaa tena, dume, na kwa uzee wake kila mtu alijua kwamba huyo ni kitindamimba.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Wanapunda wote walilelewa katika kizizi kimoja cha ndani, karibu na jiko, kilichojengwa na babu wa mumewe, na samadi yake haikutolewa mpaka mtoto aache kunyonya. Ilisemwa kuwa samadi humpa mtoto joto, na kuizoa ni kuzoa baraka. Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa shemeji yake, Lohay, kaka mkubwa wa marehemu. Mwanapunda alipoota tumbo, likawa duara kama chungu cha pombe, Lohay alikuwa akija kulipigapiga kwa kiganja mbele ya wageni. "Nyumba hii haijui njaa," alisema. "Hata wale wawili tuliowazika, walikufa kwa shibe."

Wageni walicheka, na Paskalina akacheka nao, ila neno lile lilimganda. Mnyama hufaje kwa shibe? Akaanza kumchunguza mwanapunda. Manyoya yake yalikuwa yamesimama, hayang'ai, ilhali ya mama yake yalikuwa laini. Alikuwa akikohoa. Alikuwa akilamba udongo. Paskalina alimwongezea pumba. Tumbo likaongezeka, mtoto asiongezeke. Kisha asubuhi moja, akifagia mlangoni, aliona katika kinyesi kitu cheupe kinachojipinda, kirefu kuliko shibiri, kinene kama penseli. Mwingine angekikanyaga apite. Yeye alichuchumaa akakitazama, akakifunga kwenye jani la boga, akashuka nacho mjini kwa daktari wa mifugo, kijana aliyeitwa Tarmo.

Daktari alilifungua jani. "Huyo mwanapunda yukoje, mama?"

"Ana tumbo kubwa. Watu wanasema ameshiba."

"Na mgongo wake?"

"Mgongo umefanyaje?"

"Umewahi kuushika?"

Paskalina aliutazama mkono wake. Alikuwa amemtazama mnyama yule kila upande, lakini mkono wake haukuwahi kupita hapo.

"Humo tumboni minyoo ndiyo inayotangulia kula," daktari alisema, "mtoto anaachiwa makombo. Mayai ya minyoo hiyo yamo kwenye samadi, na hukaa humo miaka. Kila anayezaliwa hapo anayalamba."

"Basi nipe dawa kali, minyoo yote ife leo."

"Hapana, mama. Ikifa yote kwa mkupuo itasongamana na kuziba utumbo, tumpoteze. Nitaanza na dawa ya taratibu, tuipunguze, kisha nitarudi na nyingine. Na atoke kwenye kizizi hicho."

Walipofika nyumbani pamoja walimkuta Lohay ameketi mlangoni. Aliposikia habari ya kizizi alisimama. "Wanapunda wa ukoo huu wote wamelelewa humu."

"Wako wapi, shemeji?" Paskalina aliuliza.

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kweli kujua.

"Nipe mkono wako," Paskalina alisema, akauweka juu ya mgongo wa mwanapunda. Chini ya manyoya vidole vilikutana na mifupa, mmoja baada ya mwingine, kama meno ya msumeno. Lohay aliifuata mpaka mkiani. Kisha akaenda kuchukua jembe, akaanza kuichimba samadi ya kizizi cha babu yake yeye mwenyewe.

Dawa ilinyweshwa. Mchana mwanapunda alilala chini, akawa anageuka kulitazama tumbo lake, na Paskalina akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya wale wawili, kwa kuwa safari hii mkono wake ulikuwamo. Alimwinua, akamtembeza uani polepole, akimsemesha. Kesho yake minyoo ilianza kutoka, imejiviringa kama kamba zilizokatika. Lohay alisogea aione ile shibe aliyokuwa akiipigapiga, akaenda kutapikia nyuma ya nyumba.

Daktari alirudi na dawa ya pili kama alivyoahidi. Mwanapunda alihamishiwa malisho mapya, tumbo likapungua, manyoya yakaanza kung'aa. Alipokomaa, Lohay aliomba ampeleke mwenyewe ng'ambo ya bonde. Baba mkwe wa Restituta alimzunguka yule punda, akakunja uso.

"Tumbo lenyewe liko wapi? Kwenu hamkumlisha?"

Zamani Lohay angekasirika. Sasa aliushika mkono wa yule mzee, akaulaza juu ya mgongo wa punda. Mkono ulitafuta mfupa, usiupate. Wazee wakiwa bado wanashikashika, Restituta alikuwa ameshafunga madumu, akamvuta punda kutoka mikononi mwao, akashuka naye mtoni bila kitu kichwani.

"Tumbo la punda mwongo," Lohay alimwambia mkwewe, macho yake yakimfuata binti kule mteremkoni. "Shibe uulize mgongo."