Ngazi Hupimwa kwa Jeneza

"Ngazi hupimwa kwa jeneza." Mmemsikia Mzee Faki akimwambia hivyo bwana harusi anayejenga, mkaguna, mkadhani anamtakia mabaya kijana wa watu. Basi kaeni mwelezwe. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na msanifu majengo akiitwa Badi, mzaliwa wa Kigogoni, mtaa uliobanana hata ugomvi wa nyumba moja ukisuluhishwa na nyumba ya pili bila mtu kuinuka kitini. Badi alilala chumba kimoja na ndugu zake wote. Akigeuka mmoja, hugeuka wote. Kwa hiyo alipopewa kazi ya kuchora ghorofa la kuwahamishia watu wa mtaa wake, aliapa hatamwacha mtu nje. Kila nafasi aliyoiona aliifanya chumba. Mwishowe akazibana ngazi, akazikunja kona kali, na kila sakafu ikapata familia moja zaidi. Alijisifu kwa hilo, na haki alikuwa nayo.

Mama yake, Bi Mize, alipata nyumba ya juu kabisa, yenye upepo. Siku ya kuhamia alipanda polepole, mikono ikigusa kuta za huku na huku.

"Pazuri, mwanangu," alisema. "Kuingia nimeingia. Na kutoka nitatokaje?"

Badi alijua anaulizwa nini. Tangu marehemu baba yake achukuliwe mabegani, watu wakigombea kulibeba jeneza japo hatua moja, Bi Mize alikuwa akisema naye atoke mlangoni mwake vivyo hivyo. Lakini mtoto gani atakaa ampimie mamaye njia ya kaburini?

"Mama nawe, usijichulie kifo!" alijibu akicheka. "Utashuka kwa miguu yako."

"Haya, baba," akasema Bi Mize. Hakuuliza tena.

Miaka ikapita, Bi Mize akafariki. Alipokwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, wanaume wakapandisha jeneza la msikiti. Kwenye kona ya kwanza likakwama. Wakalilaza ubavu, wakalisimamisha, wapi! Likarudishwa barabarani. Mjomba Athumani, kaka wa marehemu, akapanda peke yake.

"Badi, jeneza halipiti. Tufanyeje?"

"Nitambeba mimi."

"Peke yako?"

"Hapapiti wawili, mjomba."

Akampakata mamaye, akashuka. Kila kona ilimlazimu kumwinua wima, kichwa cha mama kikiegemea shingoni mwake. Chini watu walikuwa wamesimama, mabega matupu. Alipomlaza jenezani, mjomba alimnong'oneza, wala si kwa hasira:

"Dada alikuuliza."

Badi alichora majengo mengi baada ya hapo. Ngazi zake zikawa pana. Watoto walizichezea, majirani wakakutana hapo kuulizana hali. Tajiri akilalamika kwamba vyumba vimepungua, Badi alimjibu kwa maneno yale yale mnayoyajua. Lakini ngazi za lile ghorofa la watu wa Kigogoni hazikupanuka. Alihamia nyumba ya mamaye, na mpaka uzee wake, kila alipofika kwenye kona, alikunja mikono kifuani na kupita ubavu, kama aliyebeba mtu.

Kwa hiyo Mzee Faki hakumchulia yule kijana. Siku aliyozikwa Bi Mize alikuwa mmoja wa waliongoja barabarani, bega lake tupu.

Ngazi hupimwa kwa jeneza.